Ludwig wa Kwanza: Mfalme ambaye harusi yake ingali inasherehekewa

KILA mwaka, mwezi Septemba unapokaribia kutimia, jiji la Munich kusini mwa Ujerumani hufurika wageni kutoka pembe zote za dunia. Wengi wao huelekea katika uwanja mmoja mpana, wakaketi kwenye viti virefu ndani ya mahema makubwa na kuagiza bia katika vikombe vya glasi vinavyobeba lita nzima. Sherehe hiyo hujulikana kama Oktoberfest, nayo huhudhuriwa na watu wapatao milioni sita.

Katika umati huo, ni wachache wanaokumbuka kwamba wamealikwa katika karamu ya ndoa. Bwana harusi alikuwa Ludwig, mwanamfalme wa Bavaria, na bibi harusi alikuwa Therese, binti wa mtawala wa himaya ndogo ya Hildburghausen. Walifunga pingu za maisha mnamo Oktoba 12, 1810.

Bwana harusi huyo alikuja kuwa mfalme mwenye sifa kubwa. Alijenga jiji, akakusanya hazina za sanaa, kisha akaupoteza ufalme wake baada ya moyo wake kutekwa na mwanamke mwingine. Bibi harusi hakuongoza jeshi wala hakujenga makasri. Hata hivyo, uwanja ambako sherehe hiyo hufanyika unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Utoto wa misukosuko

Ludwig alizaliwa mnamo Agosti 25, 1786, katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Baba yake, Maximilian Joseph, alikuwa ofisa katika jeshi la Ufaransa, na mtoto akapewa jina la mfalme wa nchi hiyo, Louis wa Kumi na Sita, ambaye alikuwa baba yake wa ubatizo.

Bahati hiyo haikudumu. Mwaka wa 1789 mapinduzi yalizuka Ufaransa na familia ikalazimika kukimbia. Louis alikatwa kichwa mwaka wa 1793. Miaka mitatu baadaye, Ludwig alifiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka tisa tu.

Mwaka wa 1799 mambo yalibadilika. Maximilian Joseph alirithi utawala wa Bavaria, na mwaka wa 1806 Napoleon Bonaparte, aliyekuwa akizipanga upya nchi za Ulaya kama mtu apangaye vyombo jikoni mwake, akaipandisha Bavaria hadhi kuwa ufalme. Kijana aliyekuwa mkimbizi sasa akawa mrithi wa kiti cha enzi.

Ludwig hakumpenda Napoleon. Alimwona kuwa mtu aliyewanyanyasa Wajerumani. Lakini kwa kuwa baba yake alikuwa mshirika wa mfalme huyo, alilazimika kupigana upande wa Ufaransa, na mwaka wa 1809 aliongoza kikosi kimoja cha Bavaria vitani.

Tangu utotoni, mwanamfalme huyo alikuwa na tatizo la kusikia. Aliongea kwa sauti ya juu na mara nyingi hakuyapata vyema maneno ya aliyezungumza naye. Alipenda kuandika mashairi, na safari yake ya kwanza nchini Italia ilimjaza mapenzi ya sanamu na michoro ambayo hayakumtoka maishani.

Mbio za farasi

Ndoa ya mrithi wa ufalme mchanga haikuwa jambo la watu wawili pekee. Bavaria ilikuwa imeongezewa maeneo mapya ambayo wakazi wake walikuwa na desturi na madhehebu tofauti. Ilihitajika shughuli ambayo ingewafanya wote wajihisi kuwa watu wa nchi moja.

Ludwig alikuwa na umri wa miaka 24 na Therese miaka 18. Bwana harusi alikuwa Mkatoliki, bibi harusi Mprotestanti. Therese hakuiacha imani yake hata baada ya kuolewa katika nyumba ya Kikatoliki, na aliishikilia hadi kufa kwake.

Wazo la mbio za farasi linahusishwa na askari mmoja wa kikosi cha farasi cha walinzi wa raia, Franz Baumgartner. Mkuu wake, Andreas Dall'Armi, ndiye aliyelifikisha kwa mfalme, naye akalikubali. Mnamo Oktoba 17, 1810, siku tano baada ya ndoa, watu wapatao 40,000 walikusanyika katika uwanja wa nyasi nje ya lango la jiji. Watoto waliovaa mavazi ya kiasili ya sehemu mbalimbali za nchi walipita mbele ya hema la kifalme kuwaenzi maharusi. Kisha farasi wakaachiliwa. Mshindi wa mbio hizo alikuwa Baumgartner mwenyewe.

Siku hiyo hapakuwa na mahema makubwa ya bia kama ya siku hizi. Farasi ndio waliokuwa kivutio. Ili kumpa heshima bibi harusi, uwanja huo uliitwa Theresienwiese, yaani uwanja wa nyasi wa Therese. Wenyeji wa Munich wamelifupisha jina hilo hata wakaiita sherehe yenyewe Wiesn.

Mwaka uliofuata, mbio zilirudiwa na kuambatanishwa na maonyesho ya kilimo. Wakulima walileta ng'ombe na farasi wao bora ili washindanie zawadi. Maonyesho hayo bado hufanyika katika uwanja huo kila baada ya miaka kadhaa, ingawa wengi wanaofika Munich kunywa bia hawajui kwamba mifugo ilitangulia mapipa.

Sherehe hiyo ilikatizwa mara ya kwanza mwaka wa 1813 kwa sababu ya vita. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Bavaria ilikuwa imempa Napoleon wanajeshi wapatao 33,000 wa kwenda naye Urusi, na takribani 30,000 kati yao hawakurudi. Ludwig alikuwa miongoni mwa waliomhimiza mfalme avunje urafiki na Ufaransa, na mwezi Oktoba 1813 Bavaria ikahamia upande wa maadui wa Napoleon.

Mwaka wa 1819 baraza la jiji la Munich lilichukua jukumu la kuandaa sherehe hiyo. Tangu hapo karamu ikawa mali ya wakazi, si ya ikulu tena. Jambo hilo lingedhihirika umuhimu wake miaka mingi baadaye, wakati ikulu yenyewe ilipotikisika.

Mjenzi wa jiji

Ludwig alitawazwa mfalme mnamo Oktoba 1825 baada ya kifo cha baba yake. Alikuwa mtawala mwenye bidii. Alizoea kuamka kabla ya mapambazuko na kufanya kazi kwa mwanga wa taa huku jiji likiwa bado limelala. Alivaa koti kuukuu na kupunguza matumizi ya ikulu na ya jeshi, ili fedha zipatikane kwa kazi aliyoipenda zaidi.

Kazi hiyo ilikuwa kujenga. Mwaka wa 1826 alihamisha chuo kikuu kutoka mji wa Landshut hadi Munich. Mwaka wa 1830 jumba la sanamu za kale la Glyptothek lilifunguliwa, na mwaka wa 1836 likafuata jumba la michoro linaloitwa leo Alte Pinakothek. Barabara pana ya Ludwigstrasse ilipewa jina lake. Mwaka wa 1835, reli ya kwanza ya treni ya mvuke iliyobeba abiria nchini Ujerumani ilianza kazi kati ya Nuremberg na Fürth, ambayo ni miji ya Bavaria. Kando ya mto Danube alijenga ukumbi mkubwa wa Walhalla, uliofunguliwa mwaka wa 1842 kwa heshima ya watu mashuhuri wa taifa la Wajerumani.

Nyumbani, Therese alimzalia watoto tisa, na wanane kati yao wakafikia utu uzima. Mmoja wao, Otto, alichaguliwa mwaka wa 1832 kuwa mfalme wa Ugiriki. Malkia alipendwa na raia kwa upole wake na kwa kuwajali maskini na wajane.

Mwaka wa 1835, wanandoa hao walipotimiza miaka 25 ya ndoa, maandamano makubwa ya watu waliovalia mavazi ya kiasili yalifanyika katika sherehe ya Oktoba kwa heshima yao. Maandamano yanayopita katika barabara za Munich siku hizi, kila Jumapili ya kwanza ya Oktoberfest, yanatokana na siku hiyo.

Hata hivyo, mfalme hakuwa mume mwaminifu. Katika ikulu alitundika picha 36 za wanawake aliowaona kuwa warembo kuliko wengine. Miongoni mwao walikuwamo wake wa wakuu na pia Helene Sedlmayr, binti wa mshona viatu. Therese aliyaona hayo, akanyamaza.

Ghasia za bia

Kwa wakazi wa Bavaria, bia ilikuwa zaidi ya kileo. Ilihesabiwa kuwa sehemu ya chakula cha kila siku cha mfanyakazi, na bei yake ilisimamiwa na serikali. Tangu mwaka wa 1516, sheria iliagiza kwamba itengenezwe kwa shayiri, maua ya hopsi na maji pekee. Sheria nyingine ya karne hiyo ilikataza kuipika wakati wa joto, kwa hiyo bia kali zaidi ilipikwa mwezi Machi na kuhifadhiwa katika maghala baridi ya chini ya ardhi. Hiyo ndiyo iliyonywewa hadi majira ya mapukutiko.

Mnamo Mei 1, 1844, binti wa mfalme, Hildegard, alifunga ndoa mjini Munich na Albrecht, mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria. Siku hiyo hiyo bei ya bia ilipanda. Nyongeza ilikuwa ndogo, lakini kwa kibarua asiye na akiba ilikuwa kubwa. Umati wa watu ukaingia barabarani, ukavunja madirisha na samani za viwanda na vilabu vya bia. Baadhi ya wanajeshi, ambao nao walikuwa wanywaji, walisitasita kuwakabili. Fujo ziliendelea kwa siku kadhaa, na zikatulia baada ya bei kuteremshwa.

Ludwig alikuwa amewajengea raia wake majumba ya sanamu na michoro. Ghasia hizo zilimwonyesha kwamba mapenzi yao yalikuwa na mipaka. Lakini miaka miwili baadaye alikuwa ameshalisahau somo hilo.

Mcheza ngoma

Mnamo Oktoba 1846, mwanamke aliyejiita Lola Montez aliwasili Munich. Alidai kuwa mcheza ngoma kutoka Uhispania. Kwa kweli alikuwa mzaliwa wa Ireland na jina lake lilikuwa Eliza Gilbert. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mfalme alikuwa na miaka 60.

Ludwig alivutiwa naye kupita kiasi. Alimpa nyumba na fedha, akaagiza picha yake ichorwe na kutundikwa pamoja na za warembo wengine. Mawaziri wake walipopinga mpango wa kumpa uraia wa Bavaria, aliwafuta kazi. Mnamo Agosti 1847 alimpa cheo cha ukabaila, akamwita Countess wa Landsfeld.

Malkia Therese, aliyekuwa amevumilia mengi kwa miaka 37, sasa aliweka mpaka. Alikataa katakata kumpokea mwanamke huyo. Umma ukasimama upande wa malkia. Wakuu waliacha kumtembelea mgeni huyo na wanafunzi wakamzomea barabarani. Marafiki walimwonya mfalme, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mnamo Februari 1848, wanafunzi waliompinga Lola walipambana na kundi dogo la wenzao waliomuunga mkono. Mfalme alikasirika, akaamuru chuo kikuu kile kile alichokuwa amekileta Munich kifungwe. Wenye maduka na waliokodisha vyumba kwa wanafunzi waliona riziki yao ikitoweka, nao wakajiunga na waandamanaji. Mfalme alilazimika kubatilisha amri yake, na mnamo Februari 11, Lola akatoroka jijini huku umati ukilizingira jumba lake.

Mambo hayakuishia hapo. Mwezi huo huo mapinduzi mapya yalizuka Paris, na moto wake ukaenea hadi Ujerumani. Raia wa Munich walivamia ghala la silaha na kudai uhuru wa magazeti na serikali inayowajibika. Ludwig, aliyeamini kwamba mfalme ndiye anayepaswa kutawala wala si kutia sahihi tu, hakutaka kubaki kwa masharti hayo. Mnamo Machi 20, 1848, alikiacha kiti cha enzi na kumwachia mwanawe mkubwa, Maximilian, aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya mbio zile za farasi.

Lola alitangatanga hadi Marekani na Australia, akafariki mjini New York mwaka wa 1861. Ludwig hakuwahi kuishi naye tena.

Kurudi uwanjani

Mfalme aliyeng'atuka hakufukuzwa nchini. Alibaki na mali yake binafsi na kuendelea kugharimia baadhi ya majengo aliyoyaanzisha. Mojawapo ilikuwa sanamu ya shaba ya Bavaria, mwanamke aliyesimama kando ya simba, ambayo ilikusudiwa kuutazama uwanja wa Therese kutoka juu ya mteremko. Ilibuniwa na mchongaji Ludwig Schwanthaler na kusubiwa na Ferdinand von Miller. Urefu wake ni zaidi ya mita 18, na mtu anaweza kupanda ngazi ndani yake hadi kichwani.

Ilizinduliwa mnamo Oktoba 1850, wakati wa sherehe. Miaka 40 ilikuwa imepita tangu harusi, na miwili tangu fedheha. Mafundi wa jiji waliandamana kumpa heshima mzee huyo, ambaye hakuwa tena na mamlaka ya kumwamuru yeyote. Ni dhahiri kwamba hasira ya mwaka wa 1848 ilikuwa imeanza kupoa.

Lakini mwaka wa 1854 Munich ilipatwa na msiba. Ugonjwa wa kipindupindu ulizuka jijini wakati wa kiangazi na kuwaua watu wapatao 3,000. Sherehe ya Oktoba ilifutwa. Ugonjwa ulipoonekana kupungua ulibisha hodi ikulu. Therese alifariki mnamo Oktoba 26, akiwa na umri wa miaka 62. Mwezi ambao kwa kawaida jiji liliadhimisha ndoa yake, mwaka huo lilimlilia.

Ludwig aliishi miaka mingine 13 bila mkewe. Alimzika mwanawe Maximilian mwaka wa 1864 na kumwona mjukuu wake, Ludwig wa Pili, akichukua ufalme. Alifariki mnamo Februari 29, 1868, mjini Nice, Ufaransa, nchi ile ile aliyozaliwa na ambayo aliichukia ujanani. Mwili wake ulirudishwa Munich. Leo yeye na Therese wamelala katika kanisa la St Boniface, ambalo alilijenga mwenyewe.

Karamu bila maharusi

Maharusi walipoondoka, karamu haikukoma. Kuanzia mwaka wa 1872 ilisogezwa mapema hadi Septemba ili kukwepa baridi. Mwaka wa 1892 vikombe vya glasi vilianza kutumika, na kufikia mwisho wa karne hiyo kumbi kubwa za viwanda vya bia zikachukua nafasi ya vibanda vidogo. Mbio za farasi zilizoianzisha zilififia, na mara ya mwisho zilipofanyika kama kawaida ilikuwa mwaka wa 1938.

Tangu mwaka wa 1950, meya wa Munich ndiye anayefungua pipa la kwanza kwa nyundo, saa sita kamili mchana, kisha kutangaza kwamba bia imeanza kutoka. Watu huhesabu mapigo anayohitaji, na meya anayepiga mara nyingi huchekwa mwaka mzima. Bia inayoruhusiwa ni ya viwanda sita pekee vya Munich. Kila mwaka bei yake huzua mjadala. Mwaka wa 2025 lita moja iliuzwa kati ya euro 14.50 na euro 15.80, na manung'uniko yalikuwapo, ingawa hakuna aliyevunja madirisha.

Mila nyingine bado zina harufu ya harusi. Vijana huwanunulia wapenzi wao keki za viungo zenye umbo la moyo. Mwanamke aliyevaa gauni la kiasili hufunga utepe wa aproni upande wa kulia iwapo ana mume au mchumba, na upande wa kushoto iwapo hana.

Uwanja huo umeshuhudia pia vilio. Mnamo Septemba 26, 1980, bomu lililotegwa na mfuasi wa siasa kali za mrengo wa kulia liliua watu 13, yeye akiwa mmoja wao, na kujeruhi zaidi ya 200. Vita vikuu viwili vya dunia viliifuta sherehe kwa miaka mingi. Mwaka wa 2020 na 2021 ilifutwa kwa sababu ya virusi vya corona, kama ilivyofutwa kwa kipindupindu mwaka aliokufa Therese.

Ufalme wa Bavaria nao ulikwisha mwaka wa 1918, ukoo wa Ludwig ukaondolewa madarakani. Majumba yake yangali yamesimama na barabara yake ingali na jina lake. Lakini wageni wanaofika kwa treni ya chini ya ardhi kuelekea kwenye sherehe hushuka katika kituo kinachoitwa Theresienwiese. Jina wanalolisikia likitangazwa ni la binti yule wa miaka 18 aliyeketi katika hema la kifalme siku ya Jumatano moja ya mwezi Oktoba, akitazama farasi wakikimbia kwa heshima yake.